Khutba ya Ijumaa: Watu wa Mji Uliokuwa Kando ya Bahari

(Imetayarishwa kwa ajili ya kutangazwa)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyezifanya bahari zitutumikie sisi viumbe dhaifu, akatutolea humo kitoweo na mapambo, akaviendesha vyombo juu yake kwa amri Yake. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajikinga Kwake na shari ya nafsi zetu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya mwisho.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani na vyuoni, tunaiusia nafsi yetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu mahali penye watu na mahali pasipo watu.

Khutba yetu ya leo ni juu ya samaki. Yamkini baadhi yenu mtashangaa kuona mimbari inashughulika na kitoweo. Basi na tuanze na Qurani, maana Qurani imekwisha kushughulika nacho kabla yetu.

Katika Suratul Aaraf, Mwenyezi Mungu amemwamrisha Mtume Wake awaulize watu habari za mji uliokuwa kando ya bahari. Wafasiri wengi wamesema mji huo ni Ayla, kwenye ncha ya Bahari ya Shamu. Watu wake walikuwa wavuvi, wakakatazwa kuvua siku ya Sabato. Ukawa mtihani mkubwa, kwa sababu siku hiyo ya Sabato ndiyo samaki walikuwa wakija wazi wazi juu ya maji, na siku nyingine hawaji. Hebu fikirini mvuvi mwenye watoto, siku sita anarudi na kikapu kitupu, na siku ya saba amesimama ufukoni anawatazama samaki wanacheza mbele ya miguu yake!

Walisubiri kwa muda, kisha wakafanya hila. Hawakusema kwamba wameiacha amri. Walisema wanaishika. Wafasiri wametuelezea hila zenyewe. Wapo waliochimba mabwawa kando ya bahari na mifereji ya kuyaunganisha. Maji yalipojaa siku ya Sabato samaki waliingia, mfereji ukazibwa, na Jumapili asubuhi mwenye bwawa akaja kuteka samaki wake akiwa ametulia moyo, kwani Sabato hakuvua. Imesimuliwa pia kwamba mmoja wao alimkamata samaki siku ya Sabato, akamfunga uzi, akaufunga uzi kwenye kigingi, akamwacha majini mpaka kesho yake. Jirani walisikia harufu ya samaki anachomwa, wakamuuliza, akakana. Wiki ya pili akafanya tena. Hakikumpata kitu. Basi jirani nao wakaenda kununua uzi.

Mji ule ukagawanyika watu wa aina tatu. Wa kwanza ni hao wenye hila. Wa pili ni waliowakataza. Wa tatu ni waliokaa kimya, na pengine wakawaambia wale waliokataza: mnajisumbua nini kuwawaidhi watu ambao Mwenyezi Mungu atawaangamiza? Mwenyezi Mungu ametuambia kwamba waliokataza aliwaokoa, na waliodhulumu aliwashika kwa adhabu mbaya, wakawa manyani waliodhalilika. Wale wa tatu Qurani haikutaja yaliyowapata.

Ikrima, aliyekuwa mwanafunzi wa Ibn Abbas (R.A.), amesimulia kwamba siku moja alimkuta mwalimu wake analia na msahafu u mapajani mwake. Alipomuuliza, Ibn Abbas alimwonyesha aya hizi. Alisema kwamba waliokataza anawaona wameokoka, lakini hao walionyamaza hajui wamekwenda wapi. Na sisi, akasema, tunayaona mambo tunayoyachukia, nasi hatuyasemi. Ikrima akamtuliza kwa kumwambia kwamba watu hao angalau waliuchukia uovu kwa nyoyo zao. Ibn Abbas akafurahi kwa jawabu hilo hata akaamuru Ikrima avishwe nguo mbili. Sisi tumekuwa tukisomesha kisa hiki kwa miaka mingi, na tunakiri kwamba kilio cha Ibn Abbas hutukaa moyoni zaidi kuliko furaha yake.

Ndugu Waislamu, sisi watu wa Bagamoyo hatukuwekewa Sabato. Wazee wetu wengi, hapa mjini na kule Kaole na Mlingotini, walikuwa hawasukumi chombo Ijumaa mpaka sala imekwisha, lakini hiyo ilikuwa adabu yao wenyewe. Hata hivyo bahari yetu nayo ina mipaka yake, na aliyeiweka ni Yule Yule. Tutazame kamba. Kamba wakubwa hutaga mayai yao nje baharini. Watoto wao, wakiwa wadogo kuliko punje ya mchele, hupandishwa na maji kujaa mpaka kwenye vinywa vya mito, wakaingia mikokoni. Humo hula, hujificha miongoni mwa mizizi, hukua. Na baada ya miezi michache hushuka tena baharini wakawa wazazi. Ruvu inamwaga maji yake hapa kaskazini mwa mji wetu, na Wami inamwaga karibu na Saadani. Ndiyo sababu kamba wa ukanda huu wakajulikana mbali, na ndiyo sababu meli zikaja.

Meli za kamba hukokota wavu mzito juu ya sakafu ya bahari. Wavu huo haujui kamba wala mtoto wa changu. Katika bahari za joto kama yetu, kila kilo moja ya kamba hupanda pamoja na kilo kadhaa za viumbe wengine: samaki wachanga, kaa, taa, mara nyingine kasa. Baadhi yao huuzwa kwa bei ndogo kwa wenye mashua. Wengi hutupwa wamekufa. Sheria ziliwekwa: meli zivue mchana tu, zizunguke kwa zamu katika maeneo yaliyogawanywa, na zisimame katika miezi ya kamba wachanga. Hiyo ndiyo ilikuwa Sabato ya kamba. Lakini wavuvi wadogo wa pwani hii walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba meli huwakaribia mno na kuwakatia nyavu. Shehena za kamba zikapungua mwaka hata mwaka, mpaka Serikali ikalazimika kuusimamisha uvuvi wa meli hizo, na kuanzia msimu wa 2008 zikakaa bila ya kibali kwa miaka kadhaa.

Je, ni meli peke yake? Laiti ingekuwa hivyo, khutba hii ingekuwa nyepesi, kwa kuwa wenye meli hawamo msikitini humu. Lakini nani aliyeikata mikoko kwa kuni, kwa boriti na kwa mashamba ya chumvi? Nani anayevuta kokoro lenye macho madogo ufukoni mwetu, akapandisha mchangani vijisamaki ambavyo kama vingeachwa miezi sita tu vingekuwa kitoweo cha nyumba nzima? Na hapa tuseme neno la insafu. Kijana anayevuta kokoro mara nyingi hana kitu. Hana mashua, hana mtaji, anavuta kwa fungu la jioni. Mwenye kokoro hakanyagi maji. Zinapofanyika operesheni, nyavu zikarundikwa zikachomwa, anayelia ni kijana, na tajiri ananunua jingine. Tungependa wanaosimamia sheria walifikirie jambo hilo.

Kisha kuna baruti. Uvuvi wa baruti umejulikana katika pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, na sheria imeukataza tangu mwaka 1970. Mwaka 2015 wataalamu walisafiri kwa chombo kandokando ya pwani yote, wakaburuta nyuma yao vinasa sauti chini ya maji. Kwa muda wa kama mwezi mmoja walisikia milipuko zaidi ya mia tatu. Zaidi ya nusu yake ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, yaani katika bahari ambayo Bagamoyo yetu imo ndani yake. Baada ya hapo vyombo vya dola vilishirikiana na wanavijiji, na milipuko ikapungua sana. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu na tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini mwamba uliovunjwa hauji juu kwa sababu operesheni imekwisha. Tumbawe linavunjika kwa nukta moja, na kujijenga kwake ni kazi ya makumi ya miaka. Na wengi wa samaki wanaouawa na baruti huzama chini, wala mlipuaji mwenyewe hawapati.

Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba shomoro aliyeuawa bure, pasipo manufaa, atamshtakia mwuaji wake mbele ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama. Shomoro mmoja! Basi lile fungu la samaki waliolala chini ya mwamba, na lile tenga la vitoto lililotupwa baharini, mashitaka yake yatasomwa kwa muda gani?

Ndugu zangu, hatuwezi kuyasema haya kana kwamba sisi tumesimama ng'ambo. Miaka michache iliyopita, siku wanafunzi wa madrasa yetu walipohitimu Qurani, tajiri mmoja alituletea sadaka ya matenga manne ya samaki. Tulifurahi, tukamwombea dua mbele ya wazazi. Akina mama walipoanza kuwapasua samaki wale, mmoja wao, mtu mzima, alikuja mlangoni akatuita pembeni. Alisema: "Maalim, hawa uti wa mgongo umevunjika, na tumboni mna damu iliyovilia. Hawa ni wa baruti." Tuliwatazama. Alikuwa amesema kweli, na kila aliyekulia pwani anajua. Wageni walikuwa wamekwisha kufika, wali umeiva, nazi imekwisha kukunwa. Tukamwambia: "Pika, mama. Ni sadaka ya watu."

Wakati wa kula, mwanafunzi mmoja, umri wake hauzidi miaka kumi na miwili, aliisukuma sahani yake. Tulimuuliza ana nini. Akajibu kwamba baba yake, ambaye ni mvuvi, amemkataza kula samaki wa baruti, kwa kuwa ami yake alikatikiwa na mkono kwa baruti hiyo. Tukamwambia: "Kula, mwanangu, samaki ni halali." Akala, kwa sababu mwalimu amemwambia. Na sura aliyoisoma asubuhi ile mbele ya wazazi, kwa sauti nzuri, ilikuwa Aaraf.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake mwaminifu.

Ndugu Waislamu, wako watakaosema: maadam bahari imechoka, tuiache ipumzike na samaki tuwafuge, kama tulivyoacha kuwinda paa tukafuga mbuzi. Rai hii si ya kudharauliwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeeleza kwamba mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, samaki na wanyama wengine wa majini waliofugwa duniani waliwazidi waliovuliwa. Shirika hilo hilo linasema zaidi ya theluthi moja ya jamii za samaki wa baharini zinavuliwa kupita kiasi cha kuweza kujirudishia. Basi kufuga kumekuja, na hakuondoki. Swali ni kufuga kwa namna gani, na nani anayelipa gharama isiyoandikwa katika hesabu ya mfugaji.

Tuyakumbuke ya Rufiji. Katika miaka ya mwisho ya 1990 kampuni moja ya kigeni, African Fishing Company, iliomba kufanya shamba la kamba katika delta ya Rufiji, kwenye msitu wa mikoko ambao ni mkubwa kuliko mingine katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mabwawa yalikusudiwa kuchukua kiasi cha hekta 10,000. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri mradi ukataliwe. Hata hivyo mwaka 1997 Serikali iliukubali. Wanavijiji wa delta, watu wa mitumbwi na mashamba ya mpunga, hawakukaa kimya. Walikwenda Mahakama Kuu. Kesi ikaendelea, mwenye mradi akaishiwa nguvu, na shamba lile halikujengwa. Ndugu zetu wale hawakuwa na fedha wala vyeo. Walikuwa na jambo moja tu, nalo ni kuwa walijua kamba hutoka wapi, na kwamba anayeukata mkoko ili afuge kamba amekata mti wa embe ili apate kuuza kivuli.

Na kama wangenyamaza? Tunao mfano kwa wenzetu. Huko Thailand na Ecuador sehemu kubwa za mikoko zilikatwa ili kuchimba mabwawa ya kamba. Kamba wengi wakilundikwa mahali pamoja hupata maradhi. Dawa hutiwa, maji machafu hufunguliwa yakaenda mtoni na baharini, na baada ya miaka michache mabwawa mengi yaliachwa. Ardhi imekwisha kuwa chumvi, mpunga hauoti, na mikoko haipo. Wala si mbali tu. Mwaka 2011 maradhi ya madoa meupe yaliyashika mashamba ya kamba ya Msumbiji, na mwaka uliofuata yakafika Madagaska. Na katika Ziwa Victoria, upande wa Kenya, mwaka 2022 wafugaji wa vizimba waliamka wakawakuta samaki wao wanaelea kwa wingi, kwa kuwa maji yalipungukiwa na hewa. Mikopo waliyokopa haikuelea pamoja nao.

Lakini liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linaloturudisha kwenye mabwawa ya Ayla. Samaki wanaofugwa kwa ajili ya masoko ya matajiri wanakula nini? Kamba na samaki wala nyama hulishwa unga uliosagwa kwa samaki wengine, na samaki hao huvuliwa baharini. Kila mwaka mamilioni ya tani ya samaki wadogo husagwa namna hiyo. Huko Mauritania, Senegal na Gambia viwanda vya unga vimejengwa ufukoni, vikawa vinanunua samaki wale wadogo ambao tangu zamani ni kitoweo cha maskini wa nchi hizo. Unga na mafuta yake hupelekwa ng'ambo. Hapa kwetu, dagaa wengi wa Ziwa Victoria husagwa kuwa chakula cha mifugo, na mama wa nyumba anashindania dagaa na kuku wa tajiri. Mfugaji akasema: mimi sivui. Kweli havui. Amechimba bwawa lake, Sabato imepita, na Jumapili amekuja kuteka.

Hatusemi kwamba kila bwawa ni hila. Hapa Bagamoyo wapo wanavijiji waliofuga mwatiko katika mabwawa madogo, nyuma ya mikoko au mahali palipokwisha kuwa wazi, na maji ya bamvua ndiyo yanayowaletea uhai. Mwatiko haombi unga wa samaki; hula uoto mdogo unaoota chini ya bwawa. Na jirani yetu Mbegani vijana wanafundishwa uvuvi na ufugaji wa samaki. Kazi hiyo tunaiunga mkono, na tungependa kuwaona wanafunzi wa madrasa zetu wakiingia humo. Mtu akifuga kwa kipimo, asikate mkoko, asimwagie jirani uchafu wake, wala asimnyang'anye maskini dagaa wake, huyo ametafuta riziki ya halali.

Sasa tulirudie lile neno tulilomwambia mtoto, kwamba samaki ni halali. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani hii, samaki haingojei kuchinjwa, na nyama ya samaki aliyeuawa kwa baruti haiwi nyamafu. Lakini uhalali wa nyama ni jambo moja, na uhalali wa kitendo ni jambo jingine. Aliyetawadha kwa maji ya wizi, sala yake huswihi, na dhambi ya wizi iko shingoni mwake. Bahari si ya mtu mmoja, Mtume (S.A.W.) amewafanya watu kuwa washirika katika maji, na amekataza kudhuru na kulipizana madhara. Anayevunja mwamba ameharibu mali ya ushirika, na washirika wake wengine hawajazaliwa bado. Anayemnunulia kwa kujua amemwekea akiba ya kununulia baruti nyingine. Qurani imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui, nasi hatuoni msaada ulio mkubwa kuliko fedha ya mnunuzi. Tulimwambia mtoto nusu ya hukumu. Nusu iliyobaki tunaisema leo, naye yumo humu, amekwisha kuwa kijana.

Basi nyinyi mnaokwenda mnadani, na hasa nyinyi akina mama mnaosikiliza majumbani, ambao ndio mnaoshika samaki kwa mikono, mnazijua dalili kuliko sisi: mwili uliolegea, uti uliovunjika, damu iliyovilia ndani. Mwulizeni mchuuzi. Aulizwe na mmoja atacheka. Aulizwe na kila mtu, atakwenda kumwuliza nahodha. Vivyo hivyo vitoto vya changu na tasi vilivyopangwa kwenye sinia kama karanga: viacheni. Tunajua kwamba kuna siku mfukoni hamna kitu, na fungu la vitoto ndilo pekee linalonunulika. Mwenyezi Mungu anaijua siku hiyo. Maneno yetu ni kwa mwenye uwezo wa kuchagua.

Na nyinyi wavuvi, sheria imekupeni vikundi vya kusimamia bahari katika vijiji vyenu. Msiviache vikawa vya kugawana posho. Wenzetu wa Kisiwa Panza huko Pemba, na wa Songosongo huko Kilwa, wamekubaliana kufunga sehemu ya mwamba wa pweza kwa muda wa miezi, asiingie mtu na mkuki. Siku ya kufungua, wanaume kwa wanawake huteremka pamoja wakapata pweza wakubwa kuliko waliowazoea. Hakuna malaika aliyewashukia. Walipatana, wakalindana, na mwenye kuvunja akatozwa.

Ama sisi wa madrasa, tumekwisha kuwaambia wapishi na kamati. Mwaka huu wanafunzi wakihitimu, samaki watakaopikwa ni wa mshipi au wa dema, na yule mama aliyetuita mlangoni ndiye atakayewapokea na kuwakagua. Akiwakataa, watu watakula wali kwa kunde. Na tajiri wetu tulimwendea nyumbani kwake kabla ya kupanda mimbari, ili asiyasikie haya kwanza mbele za watu. Alitupokea kwa heshima. Hakutuahidi kitu.

Ewe Mwenyezi Mungu, warejeshe salama walio baharini katika kusi na kaskazi, uwape riziki isiyomdhuru mwingine, na umwongoze ndugu yetu huyo na sisi pamoja naye. Amin.

Simamisheni sala.